Mguu wa Mtoto Kwenye Video

Benchi la mbele ya duka la Généreuse lilikuwa benchi la kanisa. Kanisa lenyewe lilifungwa, Wazungu wakagawa viti bure, na Leopoldi akalifunga benchi hili juu ya gari lake akalileta kutoka Jeffersontown mpaka hapa Highview, mtaa wa Louisville, Kentucky, watu wakimpigia honi njia nzima na yeye akiwapungia mkono kama bwana harusi, likawekwa kati ya mlango wa duka na mlango wa nyumba ya kufulia nguo, na tangu siku hiyo halijapoa. Aliyetoka shifti ya usiku anakaa hapo, anayengoja nguo zikauke anakaa hapo, aliyekimbia makelele ya watoto anakaa hapo, Généreuse anatoka na termosi yake ya kahawa ya tangawizi, anamimina, na kabla kikombe hakijafika mdomoni mtu amekwisha kumpinga mwenzake. Harufu ya sabuni inatoka huku, harufu ya samaki wakavu inatoka kule, na katikati yake dunia nzima inahukumiwa.

Jumamosi ile alikuwapo Leopoldi, anayeitwa Jenerali kwa sababu hajawahi kuwa askari hata siku moja. Alikuwapo Gasore, anayeitwa Sayansi, aliyeacha sekondari kule kwetu Uvira katikati ya somo la fizikia na bado anajaribu kulimalizia hapa benchini. Alikuwapo Généreuse mwenyewe, Antena, maana habari haipiti juu ya Highview bila kumgusa. Na Semahoro, kijana mtulivu wa depo, ghala la maboksi, ambaye hakuwa na jina la utani mpaka wiki ile walipoanza kumwita Sherifu, kwa sababu kahawa ikiisha alikuwa anakwenda na Jenerali kununua bastola. Mwishoni kabisa mwa benchi alikaa mke wake, Umutesi, na mtoto wao Shami magotini, wakingoja nguo.

Neno lilikuwa lile lile la wiki nzima. Siku chache nyuma mtu mmoja aliingia na bunduki ndefu katika duka kubwa la vyakula, akaanza kupiga taa, kupiga rafu, kupiga watu, na kabla polisi hawajafika mteja mmoja, mzee wa Kizungu mwenye bastola kiunoni, akampiga risasi ya bega na kumlaza chini. Wawili walijeruhiwa, hakuna aliyekufa. Kisha ikatoka video. Mtu aliichukua kwa simu kutoka mbali, picha ikiyumba: mgongo wa mzee, polisi wamemzunguka, na kifuani pake amebeba mtoto ambaye haonekani isipokuwa mguu mmoja, mdogo, mweusi, unaning'inia chini ya kiwiko cha mzee. Video inaishia hapo. Mengine yote benchi lilijijazia lenyewe.

Umutesi hakuhitaji kujaziwa. Mguu ule ulikuwa wa Shami, na aliyemweka Shami kwenye kifua kile ni yeye, mama yake, kwa mikono yake hii. Semahoro alikuwa ameutazama mguu wa mtoto wake mwenyewe asubuhi na jioni, akasema ajabu, akasema Mungu mkubwa, na hakuujua, kwa sababu mke wake alimwambia kwamba walishatoka dukani wakati yale yanaanza. Alimwambia hivyo siku ile ile, na alipokwisha kusema hakuona njia ya kurudi nyuma. Sasa mume anakwenda kununua bastola ili awe kama mzee wa video, na mzee wa video hakuwa vile wanavyomwona, na mtu pekee aliyejua ni yeye, na kahawa inapungua.

— Mimi nasema hivi, Jenerali akaanza, na alipoanza hivi watu walisogeza vikombe. Yule si mteja. Yule ni jeshi. Mtu wa kawaida hawezi kushika mtoto mkono huu akapiga na mkono huu, halafu apige bega tu, bega! Mimi nimeona vita.

— Umeona vita wapi? Antena akamuuliza. Vita vinapita, weye ulikuwa Kamanyola unauza mayai.

— Muuza mayai ana macho, Antena. Vita vilipita mbele ya mayai yangu.

— Na vikayala.

Wakacheka. Hata Semahoro alicheka, yeye asiyecheka ovyo. Umutesi alimtazama akicheka, akajiambia sasa, sema sasa, wakati meno yake yako nje, kisha akamfunga Shami kiatu.

— Si jeshi, Sayansi akasema. Ni mizani. Sikilizeni vizuri. Bastola ikipiga inarudisha mkono nyuma, sivyo? Donc kwa hiyo mwili unataka uzito mbele. Mtoto wa kilo nane, tisa, ukimweka kifuani, risasi haiyumbi. Hiyo Wamarekani walishaipima zamani.

— Waliipima na watoto? Jenerali akauliza.

— Na mifuko ya unga. Usinikatize. Mtoto ni nyongeza tu ya mambo yaliyopimwa.

— Kwa hiyo mzee alitoka nyumbani na mtoto kwa ajili ya uzito?

— Mtu anayejipanga, Jenerali, hajipangi dukani. Anajipanga nyumbani.

Antena alikuwa na yake, na alikuwa ameishikilia muda mrefu mpaka inamwuma. Akatoa simu kwenye kanga.

— Bon. Dada yangu Esperance wa Columbus ametuma odio leo asubuhi. Kule wanajua yote. Wanasema mtoto njo alikuwa anaonyesha na kidole. Mzee hakuona vizuri, hana miwani, mtoto akaonyesha hivi, mzee akapiga pale. Na hakulia! Mtoto hakulia hata kidogo.

— Columbus! Jenerali akarusha mkono. Mvua ikinyesha Highview, Columbus wanatangaza gharika.

— Basi sema weye, mwenye mayai. Kwa nini hakulia?

Jenerali akanywa kahawa kwa heshima kubwa kama mtu aliyekusudia kunywa tangu mwanzo.

Shami alikuwa anamvuta mama yake kidevu. Ni kweli hakulia. Umutesi alikumbuka hilo: mtoto ambaye hulia ukimnyima kijiko, siku ile alitulia kwenye kifua cha mtu asiyemjua, akanyoosha mkono akashika ndevu zake.

— Na mguu ule ni mweusi, Antena akaendelea, akiongeza sauti. Hilo njo hamuliongelei. Muzungu mzee, mtoto mweusi. Esperance anasema ana mke wa kwetu. Mama wa Baraka wa Buffalo anasema hapana, alimchukua yatima Kigoma akiwa misheni. Mimi nasema ni malaika.

— Malaika na mguu? Jenerali akadakia.

— Alete mkia? Malaika anakuja vile anataka.

— Mimi naamini siri si mtoto, siri ni polisi, Sayansi akasema polepole, na wote wakageuka, kwa sababu Sayansi akisema polepole jambo linakuwa kubwa. Fikirini. Polisi wameingia. Mtu ana bastola. Kwa nini hawakumpiga? Wamefika na zile bunduki, na ngao, na kofia zile. Zile kofia, jamani, mnadhani ni kofia? Kile kioo cha mbele kinaona joto. Kinaona moyo wa mtu ndani ya kifua. Mtu mbaya moyo wake unawaka mwekundu, mtu mwema unaonekana buluu, kama jiko la gesi. Polisi anaingia, anatazama, huyu mwekundu, huyu buluu, kwisha.

Lilikuwa jambo zuri mno kuliharibu haraka.

— Nilikuwa sijui, Jenerali akasema kwa sauti ya chini.

— Wengi hawajui.

— Na polisi wa hapa, kwa kweli, walifika, Antena akasema, na sasa hakuwa anatania. Kwetu polisi anakuja kesho yake, anakuuliza kwa nini hukufa. Hawa walifika wakati moshi bado uko. Wakaingia ndani, jamani. Mutu anapiga risasi ndani, na wao wanaingia ndani. Wana watoto nyumbani, wanaingia. Mimi hiyo peke yake inanishinda.

Wote wakatikisa kichwa. Ilikuwa kweli na haikuhitaji kuongezwa chumvi.

Semahoro alikuwa amekaa na kikombe kati ya magoti. Alipozungumza hakumtazama mtu.

— Mimi sina maneno mengi. Mke wangu na mtoto wangu walitoka katika mlango ule, na yule mtu akaingia katika mlango ule. Nikiwa kazini nabeba maboksi naufikiria ule mlango. Nikilala naufikiria. Wangechelewa kidogo tu, wangekuwa ndani, na mimi niko wapi? Nimelala, kwa sababu nilifanya shifti ya usiku. Yule mzee alikuwa na mtoto mkononi na bado alisimama. Mimi pia ni baba. Nataka kuwa mtu wa kusimama.

Akamtazama Umutesi, kwa upendo mwingi hata yeye akainamisha macho kwenye nywele za Shami.

— Umesema, Sherifu, Jenerali akamgonga bega. Kahawa hii, halafu tunaondoka. Pale duka la bunduki wananijua. Tena hapa Kentucky huhitaji kuficha, unaiweka kiunoni tu kama simu, unaingia sokoni, unaingia benki, hata watu wanakuamkia.

— Wanamwamkia nani? Umutesi akauliza.

Ilikuwa mara ya kwanza aseme tangu akae. Jenerali akageuka.

— Unasemaje, Mama Shami?

— Nauliza, wanamwamkia nani? Yule mzee, au Baba Shami?

— Sheria ni moja, mwanangu.

— Ah, akasema. Akarudi kwenye nywele za mtoto.

Hapo ndipo gari likaingia, limechoka, na godoro limefungwa juu, na namba ya jimbo la New York. Akashuka mwanamume wa makamo, mwembamba, akajinyoosha mpaka mifupa ikalia, akauliza kwa Kiswahili cha Bukavu kama hapa ndipo pa Mama Généreuse. Aliitwa Hyacinthe. Alikuwa ametoka Cheektowaga, upande wa Buffalo, baada ya shemeji yake kumwambia kwamba Louisville depo zinatafuta watu na kodi haimli mtu nyama, mke na watoto bado wako kule, yeye ametangulia kutafuta apatimenti.

— Karibu, yaya, kaka mkubwa, karibu, keti, Antena akamwambia na kumsukumia kikombe. Umelala wapi?

— Kwenye gari, Columbus.

— Columbus! Wamekuambia nini kuhusu mzee wetu?

Hyacinthe hakuambiwa chochote. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua, na benchi likamwangukia kwa furaha, kwa sababu hakuna zawadi kubwa kwa benchi kama mtu asiyejua. Jenerali akasimama akawa mzee. Sayansi akawa mwenye bunduki ndefu. Antena akawa polisi, akawa wateja, akawa taa zinazopasuka. Walimweleza yote, bega, mizani, kidole, moyo wa buluu, wakamwonyesha video, wakairudia, wakasimamisha picha pale penye mguu. Hyacinthe alisikiliza mdomo wazi. Aliposhangaa, wao walishangaa upya kupitia kwake.

— Mungu wangu, akasema. Mungu wangu. Alisimama na mtoto mkononi.

— Na mtoto mkononi!

— Bon, akasema Hyacinthe, akipangusa midomo. Na mama yake?

— Mama yake nani?

— Wa huyu mtoto. Mama yake alikuwa wapi?

Antena alitazama simu yake kana kwamba Columbus watajibu. Wiki nzima walikuwa wamempa yule mtoto baba mzungu, misheni, mbawa, kilo, kidole, na hakuna aliyempa mama.

— Lazima alikuwa nyumbani, Jenerali akajaribu.

— Mtoto mdogo hivi? Antena akakataa. Wa ziwa, bado ananyonya? Hapana. Huyu mama alikuwa karibu.

— Basi alikimbia, Sayansi akasema.

— Akimbie aache mtoto? Mama gani?

— Alikuwa mimi, Umutesi akasema.

Hakuna aliyesikia vizuri, au walisikia na masikio yakakataa. Semahoro ndiye aliyegeuka.

— Nini?

— Alikuwa mimi. Huo mguu ni wa Shami. Nilikudanganya, Baba Shami, nilikuambia tulishatoka, hatukuwa tumetoka, tulikuwa kwenye mchele, nyuma ya magunia ya mchele, mtoto mgongoni, na nikisema leo sitanyamaza mpaka nimalize kwa hiyo msinikatize.

Antena akaweka simu chini.

— Nilisikia risasi ya kwanza nikajua. Wenyeji walikimbia mlangoni, mimi nikalala, mnajua sisi tunalala, nikalala na mtoto mgongoni halafu nikakumbuka mgongo uko juu, nikamgeuza akaja chini yangu. Nikaona viatu. Viatu vya yule mzee, vya kahawia, vilikuwa karibu na uso wangu hivi. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na chupa ya maziwa mkono mmoja. Aliiweka chini polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga, akatoa bastola, akapiga. Mara mbili. Sikuona alipopiga, nilisikia tu mtu anaanguka na bunduki inaburuzika sakafuni, halafu kimya. Jamani, kile kimya. Maziwa, mashine za barafu, taa moja inacheza. Nikainua kichwa. Mzee anaitazama bastola mkononi mwake kama mtu aliyevunja sahani ya watu. Machozi yanamtoka. Ni babu tu. Si jeshi, muzee Leopoldi, ni babu.

Jenerali akagusa kofia yake.

— Halafu polisi wakaja. Hao niliwaona wakiingia, ni kweli wanaingia, mmoja nyuma ya mwingine wameshikana mabega, wanapiga kelele, weka chini, weka chini, hilo hata mimi nililielewa. Na mzee hakuelewa. Hakusikia! Alikuwa amepiga ndani ya nyumba, karibu na masikio yake, hakuwa na masikio tena. Anatazama bastola. Wanapiga kelele, yeye anatazama bastola. Na akaanza kugeuka. Anageuka nayo mkononi. Nikaona wale wa mbele wanavyoshusha mashavu kwenye bunduki zao.

Akatua kuvuta pumzi. Shami alikuwa amelala, au alikuwa ametulia tu.

— Hapo sikufikiri. Kama ningefikiri, nisingefanya. Mikono ilifanya. Mnakumbuka njia ya kushuka milimani kwenda Uvira, zile barriere, vizuizi vya askari? Mama yangu, mama zenu. Wakiona askari mbele wanafungua watoto migongoni wanawapa wanaume. Mwanaume yeyote, mjomba, jirani, mpita njia. Mwanaume mwenye mtoto kifuani ni baba anayekimbia. Asiye na mtoto ni mpiganaji, anatolewa pembeni. Hakuna aliyeuliza huyu mtoto ni wa nani. Nimekua nikiona hivyo, kwangu mimi ni kama kumpa mtu maji. Nikafungua kitenge, nikainuka, nikamsukumia Shami kifuani. Mtu akisukumiwa mtoto anapokea, hata awe nani anapokea, na huwezi kupokea mtoto kwa mkono mmoja. Bastola ikaanguka. Ikalia kwenye sakafu. Na wale polisi...

Antena alikuwa ameshika mdomo.

— Wale polisi wakashusha. Mmoja, halafu mwingine, halafu wote. Mmoja alikuwa kijana, kioo kimejaa mvuke wa pumzi yake. Hakikuona moyo wa mtu, kaka Gasore. Hakikuona hata njia. Alikuwa anaogopa kama mimi. Walimtoa mzee nje na mtoto, ndiyo hiyo video, na mimi nikatoka na wengine mikono juu, Shami aliponiona akanirukia, polisi mwanamke akacheka na kulia, akanipa mtoto wangu. Nikaondoka. Sikungoja kuulizwa. Nilitembea mpaka miguu ikakataa, ndipo nikajua nimefanya nini. Zile bunduki zote, Baba Shami. Nilimweka mbele ya zile bunduki zote.

Magari yalikuwa yakipita. Kwa mara ya kwanza siku ile mtu angeweza kuyasikia.

Semahoro alinyoosha mikono akamchukua Shami kutoka magotini kwa mama yake, akamgeuza, akamtazama masikio, shingo, tumbo, kama anatafuta tundu.

— Kidole kimoja, akasema. Mmoja wao angekosea kidole kimoja tu.

— Najua.

— Kwa ajili ya mtu usiyemjua.

— Najua. Sikujua kama ni yeye au ni mtoto au ni mimi. Nilijua tu kwamba kuna mwanaume amesimama na askari wanakuja.

— Na mimi nimekaa wiki nzima nasifu! Nacheza ile video! Umutesi!

— Mwache, Sherifu, Jenerali akasema.

Alikuwa amevua kofia, na bila kofia hakuwa jenerali kabisa, alikuwa mtu wa upara mwenye macho mekundu.

— Mwache. Mimi nilibeba. Si utani. Nikitoka Kamanyola, barabarani, mwanamke alinitupia mtoto wa kike, nikavuka naye barriere, askari akanitazama akasema pita, baba. Baba! Sikuwa hata na mchumba. Ng'ambo ya pili mama akamchukua akaenda zake. Sikujua jina lake. Mimi niko hapa kwa sababu ya yule mtoto, na nimekuwa nikiwaambia habari za mayai.

Antena alimwekea mkono mgongoni. Hakumtania. Sayansi alikuwa anamtazama Umutesi kama watu wanavyotazama mlima wakiwa wameuzoea kwenye picha.

— Yaani hukuwa na kipimo chochote, akasema. Ulimpa tu.

— Nilimpa tu.

— Na wakashusha.

— Wakashusha.

— Mungu mkubwa, akasema Sayansi, na hakueleza kwa nini.

Semahoro akasimama, Shami begani. Alikuwa mrefu, na akisimama mbele ya benchi alikata jua lote.

— Basi ndiyo sababu zaidi, akasema. Umeniona? Sasa ndiyo naitaka bastola. Mke wangu asilazimike tena kufanya hivyo. Mke wangu akilala chini, niwe mimi juu yake nimesimama. Twende, muzee. Twende sasa hivi.

Jenerali alitafuta funguo mfukoni, taratibu, mfuko huu, halafu ule.

— Samahani, Hyacinthe akasema.

Walikuwa wamemsahau. Kikombe kilikuwa bado mkononi mwake, hajamaliza.

— Samahani, kaka, mimi ni mgeni, sijui mambo ya hapa. Nimeelewa kwamba unaenda kununua bastola.

— Ndiyo.

— Na siku hiyo ikija, Mungu apishe mbali, utasimama. Utampiga yule mbaya. Nakubali, utampiga. Halafu polisi wataingia, watakukuta wewe umeishika, wewe, mtu mweusi vile ulivyo, na masikio yako hayasikii.

— Ndiyo.

— Wewe nani atakupa mtoto?

Semahoro alimtazama Jenerali. Alimtazama Sayansi, ambaye hakuwahi kukosa jibu tangu afike Kentucky, na Sayansi akanyanyua mkono kama anayeanza, akaushusha. Umutesi hakumsaidia. Alimtazama tu, hana machozi, anangoja kama mtu anayengoja kujua kama nyumba itabaki.

Antena akageuza termosi juu ya kikombe cha mgeni. Hakikutoka kitu.

— Sijui, Semahoro akasema.

Akakaa.